Punje ya Nne

Siku mama yake mzazi alipozikwa, fundi cherehani alitumia muda mwingi akitazama pindo la sketi ya mwanamke aliyesimama mbele yake. Lilikunjwa ovyo, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, na uzi wake haukulingana na kitambaa. Aliwaza kwamba akipewa ile sketi angeifumua na kuishona upya kabla watu hawajatawanyika. Watu walikuwa wakilia, wengine wameshikwa mikono wasianguke, naye kasimama wima, macho makavu. Alimpenda mama yake. Hilo alilijua kama unavyojua anwani ya nyumba uliyokwisha kuhama: unaikumbuka vizuri, ila huna ufunguo wake tena.

Watu husamehe mengi msibani, lakini macho makavu hawayasamehi. Wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki, ndiye aliyempa jina la Barafu. Hakumpa kwa ubaya. Alimpa kwa sababu hajawahi kuona kitu bila kukipa jina. Siku umeme ulipokatika mtaa mzima alimwambia kaka yake asihangaike na maziwa, ayaweke tu karibu na mkewe, yatalala salama mpaka asubuhi. Wote waliokuwepo walicheka. Fundi naye alikuwepo. Alikubali kwamba ni utani mzuri, akaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Hakuwa hivyo tangu zamani, na hapa ndipo wengi walipomkosea. Alikuwa mtu wa vicheko. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana yake: cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na majora ya bitana yaliyosimamishwa ukutani. Wateja walikuja kupimwa wakakaa kuzungumza hadi wakasahau walichofuata. Mumewe alikuwa mtunza stoo ya vifaa vya magari, mtu wa funguo nyingi kiunoni, na fundi alimwita Bwana Stoo. Aliposikia funguo zikilia nje ya mlango alikuwa akisema kwa sauti kwamba Bwana Stoo anakuja, kila mwenye bolti ya wizi aifiche.

Halafu, polepole, mambo yakaanza kuzimika. Kwanza ulikuja uchovu, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Ikafuata mifupa: miundi, nyonga, mbavu. Kiu isiyokatika. Akawa anampima mteja kifua, anageuka kuandika, na namba imeshapotea njiani. Vicheko viliisha bila yeye kujua kimoja cha mwisho kilikuwa kipi. Mumewe alipomwuliza jambo alijibu "ndiyo", maana ndiyo ndilo jibu fupi kuliko yote na haliletewi swali jingine. Ule wito wa Bwana Stoo nao ukafa. Hawakuwahi kugombana, na majirani waliwasifu kwa hilo. Majirani nao bwana, wana macho ya kuona kila kitu isipokuwa kilichopo.

Wifi alisema mifupa ikiuma dawa yake ni maziwa, kila mtu anajua. Mumewe akaongeza vidonge vya kalsiamu. Huyu alikuwa mtu wa maelekezo. Alisoma maandishi ya nyuma ya kila kitu kilichoingia ndani ya nyumba, iwe sabuni, iwe betri ya tochi, iwe dawa ya mbu, na alichokisoma alikitii neno kwa neno. Kopo la vidonge lilisema asubuhi na jioni baada ya chakula, basi asubuhi na jioni baada ya chakula alisimama mbele ya mkewe na glasi ya maji, hasogei mpaka ameona koo limemeza. Mke akazidi kuzama. Mume akazidi kumletea maziwa.

Kilichowapeleka hospitali ni jiwe kwenye figo. Lilimkamata ubavuni akiwa anapiga pasi suruali ya mteja, likamlaza sakafuni. Daktari kijana aliyempokea alishangaa jinsi alivyoyaeleza yale maumivu, kama anamsemea mgonjwa mwingine aliyebaki nyumbani. Akataka damu yake ipimwe. Majibu yalipotoka akataka ipimwe tena, kisha akawaita wote wawili akawaambia kalsiamu iliyo kwenye damu ya mama huyu ni nyingi mno. Vidonge viachwe leo hii. Anywe maji kwa wingi, na asubiri kuonana na bingwa. Mumewe alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amemlisha sumu kwa mkono wake, asubuhi na jioni, baada ya chakula.

Bingwa mwenyewe, daktari mpasuaji, alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mazoezi na kalamu isiyotulia. Aliwachorea kipepeo kwenye karatasi, akasema hiyo ni tezi kubwa ya shingoni, wengi wanaijua. Nyuma ya mbawa zake akatia vitone vinne. Hizo ni tezi nyingine, kila moja kama punje ya mchele, na kazi yake ni moja tu, kupanga kalsiamu ya mwili. Tatu zimelala vizuri. Ya nne imevimba, ina ukubwa wa haragwe, nayo inamwaga homoni usiku na mchana, na homoni hiyo inaichota kalsiamu kwenye mifupa na kuitupa kwenye damu. Ndiyo sababu mifupa inauma, figo zinatengeneza mawe na kichwa kimejaa ukungu.

Zamani, aliendelea, wangeifungua shingo yote na kuzitafuta moja moja. Sasa picha imeshaonyesha mbaya iko wapi. Wangeingia kwa mkato mdogo, wakaitoa hiyo tu na kuziacha nyingine, kisha wakapima damu papo hapo mezani kuhakikisha homoni imeshuka. Kesho yake angerudi nyumbani.

"Mkato wa kiasi gani?" mumewe aliuliza.

Daktari alitazama koti lake mwenyewe. "Kama tundu la kifungo hiki, baba."

Fundi alikitazama kile kifungo. Kilikuwa cha inchi moja, tundu lake limedarizwa kwa mashine, si kazi mbaya. Aliona kuna neno linamtoka, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi siku hizo.

"Nikishatolewa hicho kitu, nitaweza kulia?"

Daktari aliiweka kalamu chini. Alimwambia wapo wanaoamka kitandani wepesi, kama waliotuliwa mzigo wa kuni. Wapo wanaochukua miezi. Na wapo ambao damu inakuwa nzuri, mifupa inapona, lakini moyo unabaki palepale ulipokuwa.

"Siwezi kukuahidi, mama," alisema.

Fundi alijibu ndiyo.

Nyumbani alifanya uamuzi bila kutetemeka, kama anavyokata kitambaa kilichokwisha kupigwa chaki. Alichukua begi dogo, akatia magauni machache na mkasi wake mzuri ameufunga kwa kitambaa, akalisukuma chini ya meza ya kukatia, nyuma ya majora. Angesubiri kidonda kipone. Kama bado hakuna kitu ndani, angekwenda kwa kaka yake, mji wa mbali, akamwachia huyu mwanamume nafasi ya kuishi na mtu. Hakumchukia hata kidogo. Aliona tu ni wizi kumfanya mtu acheke peke yake mezani miaka na miaka. Alitegemea kwamba kuwaza hivyo kungemuuma. Alingoja, hakuumwa, akaenda kumalizia shati la mteja.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi, na upasuaji mzuri ndivyo ulivyo. Heri nusu shari kuliko shari kamili, wifi alisema akimfunga ile nguo ya hospitali mgongoni, na kwa mara hiyo moja hakuongeza utani. Ikaja nusukaputi, ikaja giza. Alipozinduka, daktari wa viatu vya mazoezi alikuwa ameinama juu yake, anataka kusikia sauti, maana mshipa wa sauti unapita jirani kabisa na tezi zile.

"Sema chochote, mama."

"Chochote," fundi alisema.

Muuguzi alicheka hadi akashika kitanda. Fundi hakuwa amekusudia kuchekesha. Alipapasa shingo, akakuta plasta fupi tu, akafumba macho na kujikagua ndani, chumba baada ya chumba. Kote kulikuwa kama alivyokuacha.

Kesho yake, mume alipokwenda kutafuta teksi, muuguzi alimkalia kitandani akamweleza kwa utaratibu. Mifupa yake imekaa na njaa muda mrefu. Sasa mwizi ameondolewa, itaikimbilia kalsiamu yote na kuinywa, na damu inaweza kubaki bila ya kutosha. Kwa hiyo sasa, kinyume na zamani, lazima ameze vidonge vya kalsiamu bila kuruka. Akisikia ganzi midomoni au kwenye ncha za vidole, asingoje, arudi mara moja.

"Umenielewa, mama?"

"Ndiyo."

Mumewe ndiye aliyepokea mfuko wa dawa dirishani. Walipofika nyumbani aliufungua mezani na, kama kawaida yake, akasoma. Fundi alimwona akisoma, akamwona anarudia kusoma, kisha uso wake ukabadilika.

"Hawa wamekosea," alisema. "Hii ni kalsiamu. Si daktari alisema kalsiamu ndiyo iliyokuwa inakumaliza? Watu wa dirishani hawasomi kabisa. Usiziguse, Fundi. Nitaziweka mahali salama, na nitawauliza."

Hapo ndipo palipohitaji mtu wa kusema. Maneno ya muuguzi fundi aliyakumbuka yote: mifupa, njaa, mwizi, kinyume na zamani. Lakini yalikuwa mengi, na kila neno lilitaka kunyanyuliwa kivyake kama ndoo ya maji. Alimtazama mumewe alivyosimama na ule mfuko, amekaza midomo.

"Ndiyo," alisema.

Tangu siku hiyo maziwa yakatoweka ndani ya nyumba. Chai ikawa ya rangi. Mume alirudi kutoka kazini na maji ya chupa, akayamimina mwenyewe, akasimama na glasi kama zamani. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na yeye katika giza lake alitembea kwa kujiamini kabisa.

Ganzi ilianzia midomoni. Fundi alikuwa anakunywa chai, ikamchuruzika kidevuni, naye hakujua mpaka alipoona gauni limelowa. Alikumbuka aliambiwa arudi. Ila ile ganzi haikumtisha. Ilikuwa kama mgeni anayefanana na mwenye nyumba: miaka yote hii alikuwa na ganzi ndani, sasa imetoka na nje, tofauti ni ndogo. Alikwenda kukaa kwenye cherehani. Kulikuwa na shati jeupe la sare ya shule linalotaka kola. Alibandika pini, na baada ya muda aliona alama nyekundu kwenye kile kitambaa cheupe, kisha nyingine pembeni yake. Alitafuta zinatoka wapi. Zilikuwa zinatoka kwenye kidole chake.

Halafu mkono wenyewe ukaanza kujikunja. Vidole vilinyooka, vikasogeleana, dole gumba likaingia ndani, mkono ukawa kama wa mtu anayetaka kutia chumvi kidogo chunguni. Aliuamuru ufunguke, haukufunguka. Mguu nao ulikakamaa juu ya kanyagio. Fundi alikaa akiutazama ule mkono. Bila huo mkono yeye si fundi, na kama si fundi hakujua ni nani. Aliyaona hayo wazi kabisa, mbali kabisa, na hakumwita mtu.

Wifi yake ndiye aliyemkuta, amekuja na chupa ya chai na maneno yake. Aliona shati la damu, akaona mkono, na yale maneno yakamfia mdomoni. Hakuuliza kitu. Alimbeba begani hadi barabarani, yeye na unene wake, akasimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitali hawakupoteza muda. Dripu ilitundikwa na dawa ikapitishwa polepole, muuguzi yuleyule amesimama anaangalia. Joto lilimpanda fundi kifuani hadi masikioni. Muuguzi alimwambia asishtuke, kalsiamu ikiingia kwenye mshipa ndivyo inavyofanya. Vidole vikalegea, kimoja kimoja, mpaka kiganja kikafunguka juu ya shuka. Joto likapoa, chupa ikaondolewa. Ndipo muuguzi akauliza kama alikuwa anameza vidonge.

"Sina vidonge."

"Viko wapi, mama?"

"Muulize mume wangu."

Mumewe aliingia anahema, funguo zinalia kiunoni, amekimbia kutoka kazini. Alipoulizwa alisema ukweli wote, kwa sababu huyu hakujua namna nyingine. Vidonge viko stoo ya kazini, kwenye kabati la chuma, nyuma ya maboksi ya nati, chini ya kufuli ambayo ufunguo wake anao yeye tu. Muuguzi alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba moyo nao unahitaji hiyo kalsiamu ili upige, na kwamba mke wake angeweza kufa kwenye kiti cha cherehani kwa sababu ya kufuli. Kisha akaenda zake, maana ana wagonjwa wengine. Wifi alisema anakwenda kutafuta chai, akawaacha.

Mume alikaa kwenye kiti cha plastiki, mbali kidogo na kitanda.

"Niliuliza?" alisema. "Sikuuliza. Nilikudanganya. Nilikuwa na hofu watanirudishia."

Fundi alikuwa anavikunja na kuvikunjua vidole vyake.

"Niliona begi, Fundi. Chini ya meza. Nililiona kabla hujapasuliwa. Nikasema moyoni, huyu si yeye, ni ile kalsiamu inayompakia nguo. Ikitoka atalifungua mwenyewe. Halafu wananipa mfuko mzima wa kalsiamu nikupe. Nikaona nikikupa, utaondoka."

Fundi alisikia joto likipanda tena, kutoka tumboni, kupita kifuani, hadi masikioni. Alitazama juu. Chupa ilishaondolewa, chuma cha dripu kimesimama kitupu. Alitazama mkono, hauna mrija. Joto halikupoa. Lilifika kooni, mahali penye plasta, likasukuma, na ilimchukua muda kulitambua kwa sababu walikuwa hawajaonana siku nyingi. Ilikuwa hasira. Wahenga walisema hasira hasara. Hawakuwahi kukaa miaka mingi bila chembe yake.

"Bwana Stoo," alisema.

Mumewe aliinua kichwa.

"Umeona begi ukanyamaza. Umechukua dawa zangu ukazifungia na nati, ukanyamaza. Mimi ni kifaa? Mimi ni bolti? Mtu anaona mkewe amefunga nguo, hamuulizi unakwenda wapi?"

"Ningekuuliza," alisema mumewe polepole, "ungeniambia ndiyo."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli huo ulimkasirisha fundi zaidi. Aliinuka akaketi. Alimwambia habari za maziwa, na za kusimamiwa na glasi kama mtoto. Alimwambia chai ya rangi haijawahi kumfurahisha mtu yeyote duniani. Alimwambia shati la watu limeharibika kwa damu na yeye ndiye atakayelifua. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imekwaruza kwa sababu ya kidonda, na ilipofika kwenye habari za mazishi ya mama yake, kwamba alisimama pale kama nguzo na mume hakumuuliza hata siku moja una nini, ilikatika. Alifuta uso kwa kiganja, akashangaa kukikuta kimelowa, akaendelea kugomba. Mumewe hakujitetea. Machozi yalikuwa yanamteremka naye, wala hakuyafuta, ametulia kama mtu ambaye redio yake mbovu imelia tena na anaogopa kuigusa.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, haijulikani tangu lini.

"Kaka," alisema, "friji limeharibika."

Fundi alimwambia anyamaze, yeye bado hajamaliza. Kisha akamgeukia mumewe.

"Na mkasi wangu umo kwenye lile begi. Ukifika nyumbani uutoe, uuweke mezani. Usiufungie."

"Ndiyo," alisema mumewe, akavuta kiti karibu na kitanda ili asikie vizuri.